Dakika Tatu za Bi. Siti

Ukisimama Liwatoni, Mombasa, ukaikabili bahari, huna budi kuziona meli. Chombo chochote kikubwa kiendacho kwenye gati za Kilindini, kikishaivuka njia ya feri ya Likoni, hupita hapa mbele, karibu kiasi cha mtu kuweza kulisoma jina lake ubavuni. Siku hizi Liwatoni inajulikana kwa samaki, na tangu mwanzoni mwa 2021 kwa lile daraja linaloelea ambalo waendao kwa miguu walilivuka hadi Ras Bofu. Habari ninayotaka kuisimulia ilipita katika maji hayahaya karibu miaka mia moja iliyopita, ikiwa imefungwa masandukuni pamoja na bidhaa nyingine za ng'ambo. Zilikuwa santuri zilizorekodiwa Bombay. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke wa Fumba, Unguja, na za wanaume waliokuwa wakipiga na kuimba naye.

Mwaka ulikuwa 1928, na huko duniani nyimbo za jukwaani zilikuwa zikiingia kwenye santuri kwa kasi. Mchezo wa Show Boat ulifunguliwa New York Desemba 1927, na Mei 1928 ukaanza London kwenye ukumbi wa Drury Lane, Paul Robeson akiwa miongoni mwa waimbaji wake. Robeson alikuwa mwana wa mtu aliyezaliwa utumwani akatoroka. Asiyeweza kupata tiketi ya Drury Lane aliweza kuinunua sauti yake dukani akaenda nayo nyumbani. Desturi ya kuziuza nyimbo za mchezo mmoja zikiwa zimepangwa pamoja kwenye jalada, kama kurasa za kitabu, ilikuja kushika sana Marekani Decca ilipowarekodi waimbaji wa Oklahoma! mwaka 1943. Kwetu pwani hapakuwa na Drury Lane. Palikuwa na baraza, ua la harusi na sebule ya tajiri. Lakini lililotokea Bombay lilikuwa ndilo hilohilo: watu waliozoea kuimba mbele ya hadhira wanayoijua kwa majina waliingizwa chumbani, mlango ukafungwa, wakaambiwa waimbe pasipo mtu wa kuwaitikia, tena kwa dakika tatu.

Mwanamke huyo alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi, na mama yake ya Kizigua, watu wa vizazi vilivyofikishwa visiwani na biashara ya utumwa. Amri ya kuufuta utumwa Unguja ilitolewa 1897, na masuria hawakuingizwa katika amri ya namna hiyo mpaka 1909. Msichana wa Fumba alikua katikati ya miaka hiyo, wakati sheria ilikuwa imesema jambo moja na mazoea ya watu yangali yakisema jingine. Kazi yake ilikuwa ya udongo. Alifinyanga vyungu kama mama yake, akavibeba, akapita njiani akivinadi. Wasimulizi wote hupenda kusema kwamba sauti yake ilijulikana kwanza kwa namna hiyo: watu walisikia mwito kutoka mbali wakajua nani anakuja. Nami nalikubali hilo bila shida, maana anayenadi njiani hujifunza jambo ambalo mwimbaji wa chumbani huchelewa kulijua, nalo ni kuitupa sauti ifike mwisho wa mtaa bila kuipasua.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akamkuta Ali Muhsin, mtu wa muziki, aliyemsikia, akaona kuna kitu, akakaa naye kumfundisha. Mji alioingia ulikuwa na taarab yake tayari. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akamtuma Mohammed Ibrahim kwenda huko kujifunza, na mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha Ikhwani Safaa. Ilikuwa shughuli ya wanaume, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Sisi wa upande huu wa kaskazini, na hasa watu wa Lamu, hatukubali upesi kwamba muziki wa nyuzi kwa Kiswahili ulianzia Unguja. Wazee wa Lamu watakutajia kinanda na ngoma ya gungu kabla hujamaliza sentensi. Tuuache ubishi huo. Lisilobishaniwa ni kwamba Mtumwa binti Saad, aliyekwisha kuitwa Siti, aliimba Kiarabu palipohitajika Kiarabu, hata mbele ya wakubwa wa jumba, halafu akarudi mtaani Ng'ambo akaimba Kiswahili kwa watu wa Ng'ambo.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu mazoea ya kumwita Bi. Siti mama wa taarab yamewafunika wenzake. Hakuimba peke yake. Palikuwa na Subeit bin Ambar. Palikuwa na Buda bin Swedi. Palikuwa na Maalim Shaaban Umar, ambaye cheo chake chatosha kueleza kwamba watu walimwendea pia kwa elimu ya dini. Na palikuwa na Mbaruk Effandi Talsam, ambaye kwetu sisi ni wa nyumbani, maana alikuwa mtu wa Mombasa. Kwa hiyo tunapozizungumza zile zinazoitwa santuri za Unguja, mmoja katika waliozitia sauti alikuwa Mmvita. Walikutana nyumbani kwa Bi. Siti, wakafanya mazoezi usiku, na majirani wakaja kusikiliza. Habari za mtaani ziliingia na watu hao: nani kafungwa, nani kadhulumiwa na karani, nani kaachwa, nani kajidai tajiri naye ana deni. Wimbo ulitungwa, ukajaribiwa papo hapo, na waliokaa kwenye mkeka ndio waliokuwa wa kwanza kusema umekaa sawa au haukukaa.

Umaarufu ulimletea Bi. Siti maneno. Wapo waliomtungia kejeli wakimkumbusha kwamba alitoka shamba na umaskini wake, na kwamba lau si sauti asingekuwa na la kula. Alijibu kwa wimbo, kama desturi ilivyotaka. Watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa mchezo huo. Hapa kwetu katika miaka ya baadaye kidogo vyama vya lelemama vya wanawake, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa mavazi, kwa maandamano na kwa mafumbo ya nyimbo, na fumbo lililokosa jibu lilihesabiwa kuwa limeshinda. Ukitaka kuijua sanaa ya jukwaani ya mji huu kabla ya kumbi za sinema, tazama huko, si kwenye tamthilia za wazungu.

Kampuni ya His Master's Voice, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilikuwa na biashara kubwa Bara Hindi tangu mwanzo wa karne. Pwani ya Afrika Mashariki gramafoni zilikwisha kuwapo. Wenye nacho walisikiliza santuri za Misri na za Bara Hindi, kwa lugha ambazo wengi wa majirani zao hawakuzielewa. Mwaka 1928 Bi. Siti na wenzake wakapelekwa Bombay kurekodi. Njia ilikuwa ya kawaida kwa zama zile: meli za British India ziliunganisha Durban, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Bombay. Mtu wa pwani aliyetaka kusoma, kutibiwa au kununua bidhaa alizoea kuitazama Bombay kabla ya kuitazama Nairobi.

Kurekodi kulikuwa na masharti magumu. Kwa bahati, umeme ulikwisha kuingia katika kazi hiyo tangu 1925, kwa hiyo wanamuziki hawakulazimika tena kujisonga mbele ya pembe kubwa ya bati. Palikuwa na maikrofoni. Lakini sauti ilichorwa moja kwa moja kwenye sahani ya nta inayozunguka, na nta haina kufuta. Mpiga fidla akiteleza, mwimbaji akikohoa, sahani imeharibika, mnaanza upya. Na saa inakwenda. Sahani ya inchi 10, ikizungushwa mara 78 kwa dakika, ilichukua dakika tatu na kitu kila upande. Wimbo wa taarab, ule wa barazani, hauanzi kwa kuimba. Huanza kwa vyombo kutafutana, udi ukijaribu njia, fidla ikiufuata, watu wakiketi vizuri. Kisha ubeti unaimbwa, unarudiwa kwa sababu mtu mmoja kaupenda, mwingine anainuka kutunza, mwimbaji anamwangalia mtu fulani kwa jicho la pembeni anapofika kwenye neno lenye ncha. Huo wimbo mmoja waweza kula nusu saa. Bombay ukatakiwa utoshe upande mmoja wa sahani, au ukatwe mara mbili msikilizaji ageuze.

Ukizisikiliza rekodi hizo leo, unausikia msongo wenyewe. Utangulizi wa vyombo ni mfupi, mara nyingine ni kama hodi tu. Sauti ya Bi. Siti inaingia juu, nyembamba, ikipita puani kidogo, na haingojei. Fidla haipigi sambamba naye, inamfuata nyuma kwa nukta, ikiyarudia aliyoyasema na kuyapinda. Udi unashika chini. Wenzake wanapopokea, unasikia kwamba hawa watu wamekwisha kuimba pamoja usiku mwingi, kwa sababu hawakai pamoja kwa hesabu, wanakaa pamoja kwa pumzi. Halafu wimbo unakwisha ghafla. Si kwamba maneno yamekwisha. Nafasi ndiyo iliyokwisha.

Katika nyimbo zake mashuhuri kuna Kijiti, na huo ndio ninaouona kuwa karibu zaidi na mchezo wa jukwaani. Kisa kilikuwa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alikuja Unguja, akatoka na wenzake kwenda kujifurahisha ngomani, akaangukia mikononi mwa mtu aitwaye Kijiti, akauawa. Alikuwa na mimba. Muuaji akavuka bahari akatokomea bara. Mahakama, ikiwa imemkosa mwenye hatia, ikawageukia wanawake waliokuwa mashahidi, wakaulizwa habari za pombe, na adhabu ikawaangukia wao. Wimbo unamtaja mtu kwa jina. Unaisema mahakama. Una watu wake, mahali pake, usiku wake na hukumu yake, na yote hayo yanatembea kwa mwendo wa wimbo wa kuburudisha. Kwa mwenye kujua kwamba wakati huo mahakimu walikuwa wa serikali ya kikoloni na kwamba wanawake wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti la kuandika malalamiko yao, si vigumu kuelewa kwa nini watu waliinunua santuri hiyo.

Nao waliinunua. Mauzo ya santuri za Kiswahili katika miaka michache ya mwanzo yalifika makumi ya maelfu, katika nchi ambako mshahara wa kibarua haukumwezesha kwa urahisi kununua mashine yenyewe. Maelezo yake ni kwamba santuri moja haikuwa ya mtu mmoja. Ilichezwa mkahawani, gramafoni ikiwekwa mahali pa kuonekana, ikitiwa ufunguo, sindano ikibadilishwa. Mwenye mkahawa alifaidi kwa kahawa, na wasikilizaji walifaidi kwa bei ya kikombe. Kundi likarudi Bombay kurekodi tena, na makampuni mengine, Columbia, Odeon na Pathé, yalipoona faida yakaingia kutafuta sauti zao katika mwambao huu.

Sasa Mombasa. Katikati ya miaka ya 1920 Kilindini ilikuwa imepata gati za maji marefu, na meli kubwa hazikuhitaji tena kutegemea matishari. Reli iliyoanza kujengwa hapa 1896 ilikuwa imefika Kisumu 1901, na 1931 ikafika Kampala. Bidhaa ikiteremshwa Kilindini ilikuwa na mlango wa kuingia bara, na santuri za Kiswahili zikaufuata mlango huo. Mtu wa Kisumu au Kampala aliyejua Kiswahili cha kazini na cha sokoni aliweza sasa kukisikia Kiswahili cha Unguja kikiimbwa, kikifumbwa, kikilalamika.

Na hapa historia ina mzaha wake. Mwaka uleule wa 1928, hapahapa Mombasa, maofisa wa nchi za Afrika Mashariki na wataalamu wao walikutana kuamua ni lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Kimvita kilikuwa na watetezi wenye hoja nzuri. Kilikuwa lugha ya mshairi Muyaka bin Haji, na ya hazina ya mashairi ambayo Unguja haikuweza kulingana nayo. Kikao kikachagua Kiunguja, na kamati ya kukisimamia ikaanza kazi 1930. Watu wa Mombasa wamelibeba jambo hilo kifuani hadi leo. Mimi husema kwamba hukumu ya maofisa ilipata msaada ambao hawakuuomba. Walipokuwa wakijadili tahajia, santuri za Bi. Siti zilikuwa zikiipeleka lahaja hiyohiyo hadi vibandani, na hakuna mtu aliyelazimishwa na mwalimu kuzisikiliza. Zaidi ya hayo, sehemu ya sauti iliyoipeleka ilikuwa ya Mbaruk, mtu wetu.

Nisieleweke kwamba nadai santuri zilifanya kazi kubwa kuliko shule. Shule zilishinda kwa idadi ya miaka. Ila mtoto aliyejifunza kusema kama kitabu na mtu mzima aliyejifunza kuimba kama santuri hawakujifunza lugha moja, na ladha ya Kiswahili cha mapenzi na mafumbo kilichoenea bara haikutoka kwenye kitabu cha kusomea.

Msukosuko wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 uliyarudisha nyuma makampuni ya santuri kila mahali, na ya huku hayakusalimika. Bi. Siti aliendelea kuimba, akazeeka, na uzeeni akaonana na mwandishi Shaaban Robert, aliyeyachukua maisha yake akayafanya kitabu. Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka 1958, ni miongoni mwa wasifu wa mwanzo wa mwanamke wa kawaida kuandikwa kwa Kiswahili, na kila anayeandika habari za Bi. Siti, mimi nikiwamo, anakula katika sahani hiyo. Lakini Shaaban Robert alimwandika Bi. Siti jinsi somo anavyompamba bibi harusi: kila kisichopendeza kimefunikwa, na kila kinachopendeza kimetiwa udi. Wenzake wa kundi wamo, lakini wamekaa nyuma. Mahakama ya Kijiti haina ukali ulio nao ndani ya wimbo. Mwandishi alitaka kielelezo cha bidii na tabia njema, akakipata. Bi. Siti alifariki Julai 1950, miaka minane kabla ya kitabu hicho.

Mombasa ilikuja kuwa na santuri zake yenyewe. Baada ya vita vya pili makampuni ya Nairobi yalianza kurekodi na kuchapa, redio ya hapa, Sauti ya Mvita, ikawapa waimbaji wa pwani nafasi, na kufikia miaka ya 1960 duka la Assanand & Sons lilikuwa likitoa santuri kwa nembo ya Mzuri. Sahani zilikuwa ndogo sasa, za inchi 7, za kuzunguka mara 45 kwa dakika, za plastiki badala ya lile lakiri lililovunjika likidondoka. Majina ya wakati huo watu wazima wa Mji wa Kale wangali wakiyataja bila kufikiri: Zein l'Abdin wa Lamu na udi wake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyeimba mashairi mazito ya Ahmad Nassir, Yaseen Mohamed, Matano Juma na Morning Star, Maulidi Juma. Na Zuhura Swaleh, ambaye kwa upande wa ujasiri wa ulimi ndiye ninayemwona kuwa mrithi wa karibu wa Bi. Siti katika mji huu. Zuhura aliingiza mwendo wa chakacha kwenye taarab, mwendo wa ngoma ya wanawake wa harusini, na kundi la Maulidi lilikuwa na taishokoto, kile chombo cha Kijapani cha nyuzi na vibonye, kikilia kwa ukali mbele ya ngoma. Kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa Mombasa Wedding Special ya Maulidi Musical Party mwaka 1990, na miaka miwili baadaye ikatoa Jino la Pembe ya Zuhura. Jina hilo la kwanza linaonyesha kwamba hata mfanyabiashara wa London alielewa kuwa muziki huu hauna ukumbi wa maonyesho. Ukumbi wake ni harusi.

Hata hivyo, santuri ya inchi 7 ilikuwa na ufinyu uleule wa Bombay. Dakika tatu, nne. Mashairi ya Bhalo yenye beti nyingi yalikatwa kama Kijiti kilivyokatwa. Kilichobadili mambo ni kanda. Mashine ya kurekodi kanda iliposhuka bei, mtu aliweza kuiweka pembeni harusini akaiacha izunguke, dakika 30 au 45 upande mmoja. Mombasa maduka kama Mbwana Radio Service yakajenga biashara juu ya kanda hizo. Mteja hakununua wimbo uliosafishwa studio. Alinunua usiku.

Ukipata moja ya kanda hizo, isikilize kwa makini, si kwa ajili ya muziki tu. Kwanza unamsikia mtu akigonga maikrofoni. Vyombo vinatafutana, bila haraka. Kuna mtoto analia mahali. Mwimbaji anaanza ubeti, anaumaliza, anaurudia, na safari hii kuna sauti ya kuitikia kutoka pembeni, kwa sababu mtu kalielewa fumbo. Anaurudia tena. Kelele inapanda upande mmoja wa ua, na unajua kwamba mtu kainuka na noti mkononi kwenda kutunza. Labda anatunza kwa sababu wimbo umemsema adui yake, labda kwa sababu umemsema yeye naye hataki ionekane kwamba umemuuma. Mpiga ngoma anaongeza mkono kidogo. Shairi lililoandikwa na mshairi mmoja chumbani limekuwa kazi ya ua zima.

Hayo ndiyo yaliyobaki nje ya mlango wa chumba cha Bombay. Kama kanda ingalikuwapo Ng'ambo 1928, tungejua Kijiti kilikuwa na urefu gani nyumbani kwa Bi. Siti, ubeti gani majirani waliudai mara ya pili, na walinyamaza au walipiga kelele mahakama ilipofikiwa. Tungejua pia Buda na Subeit walitaniana vipi kati ya wimbo na wimbo, na Mbaruk alikitamka Kiunguja au aliacha Kimvita chake kichomoze. Santuri haina habari hizo. Ina sauti, na jina la mwanamke kwenye karatasi ya katikati.

Baadhi ya yaliyoachwa nje yalihifadhiwa na watu. Fatuma binti Baraka, yaani Bi. Kidude, aliwasikia Bi. Siti na kundi lake alipokuwa kijana, akazibeba nyimbo zao, akaziimba kwa namna yake, kwa ngoma na unyago na sauti nzito isiyofanana kabisa na ile nyembamba ya kwenye santuri. Aliimba Muhogo wa Jang'ombe mbele ya hadhira za Ulaya akiwa mzee sana, akapewa tuzo ya WOMEX 2005, akafariki Aprili 2013. Wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, walipotaka jina la jarida lao mwishoni mwa miaka ya 1980 waliliita Sauti ya Siti. Na santuri zenyewe, zile zilizonusurika kuvunjika na kuliwa na unyevu, zimetolewa tena. Topic Records ya London ilitoa mwaka 2007 mkusanyiko wa muziki wa Waswahili wa Tanzania na Kenya wa miaka ya 1920 hadi 1950 kutoka hazina ya British Library, na Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wa Zanzibara, ikatenga juzuu yake ya pili kwa taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Anayezitaka zote mbili anaweza kuzisikiliza mfululizo jioni moja: Bi. Siti kwanza, kisha Zuhura.